Utu Uzima Si Eda

 

Wasomaji wetu wa Pwani watuwie radhi, kwani swali la juma hili halikutoka Mombasa, Malindi wala Lamu. Limetoka Yamumbi, kitongoji cha Eldoret upande wa Kapseret, ambako tulialikwa kuwasomesha akina mama darsa la siku chache. Ni bara ya baridi, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mvua ikinyesha udongo wa huko hung'ang'ania kiatu kama mdai. Wamo humo mama zetu na dada zetu waliohamia kutoka Pwani kwa sababu ya ndoa au kazi za waume zao, na wamo Waislamu waliozaliwa papo hapo wasioijua bahari ila kwa kusimuliwa.

Darsa lilipokwisha, mama mmoja wa miaka arobaini na saba alibaki nyuma pamoja na mwenziwe. Ametupa ruhusa tulieleze lake bila ya kumtaja jina. Aliuliza, “Sheikh, mwanamke aliyekwisha kuitwa bibi, je, ni dhambi akitaka apendeze?” Tukamwomba atueleze zaidi, kwani swali la namna hiyo huwa lina jingine nyuma yake.

Binti yake ameposwa, na wakwe watarajiwa wangefika nyumbani baada ya majuma matatu. Jioni moja binti akamwambia kwa upole, “Mama, siku hiyo tafadhali usivae lile koti.” Koti lenyewe lilikuwa la mumewe, alilolivaa juu ya buibui tangu mwaka wa kwanza alipofika bara, na chini yake masweta mawili, na juu yake leso kuukuu ya kukinga baridi ya masikio. Mama akacheka, kisha usiku akalia. Alipomdokezea wifi yake kwamba zamu yake ya chama imekaribia na angependa kushona nguo, wifi akamjibu, “Umri huo, wifi yangu, pambo la nini? Muachie mwanao.” Hapo ndipo alipotufungulia lililokuwa zito zaidi: kwa miaka mitatu hajahudhuria harusi hata moja. Kila akialikwa husingizia magoti. “Na magoti yangu hayana kitu, Sheikh. Naona haya watu wanione nilivyokuwa.”

Tunaomba wasomaji wasilidharau jambo hili. Mwanamke akiacha harusi leo, kesho huacha maziko, keshokutwa huacha darsa, na akiugua hakuna wa kumtazama kwa kuwa hakuna aliyezoea kumwona. Haya hii ya nguo imewatenga watu wengi kuliko tunavyokubali.

Tuanze na dini, kwa sababu wifi yule alisema alilolisema kwa jina la heshima ya dini. Katika Sura ya Al-A'raf, aya ya 26, Mwenyezi Mungu anawakumbusha wanaadamu kwamba amewateremshia vazi la kusitiri tupu zao, na akaongeza neno la pili, rishi. Asili ya neno hilo kwa Kiarabu ni manyoya ya ndege, na wafasiri wamelieleza kuwa ni pambo. Basi sitara na pambo vimetajwa pamoja katika aya moja, kila kimoja ni neema. Aya chache mbele, ya 32, inauliza kwa kukemea ni nani huyo aliyeharimisha pambo la Mwenyezi Mungu alilowatolea waja wake. Hatukuona katika aya hizo umri wa mtu uliowekwa kuwa kikomo.

Imamu Muslim amepokea kutoka kwa Abdullah bin Mas'ud hadithi mashuhuri ya kiburi. Mtume (S.A.W.) alipotaja kwamba haingii peponi mwenye chembe ya kiburi moyoni, mtu mmoja alishtuka, akauliza habari ya mtu apendaye nguo yake iwe nzuri na kiatu chake kiwe kizuri. Akajibiwa kwamba Mwenyezi Mungu ni mzuri na anapenda uzuri. Kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Angalieni kwamba muulizaji hakusahau kiatu. Laiti angaliijua Yamumbi ya mwezi wa Julai!

Lakini hadithi tuliyomsomea mama huyu kwa urefu ni ya Ummu Dardai, nayo imo katika Sahihi ya Bukhari. Mtume (S.A.W.) alifunga udugu baina ya Salman al-Farisi na Abu Dardai. Salman alipokwenda kumzuru nduguye alimkuta mkewe amevaa nguo chakavu za kazi, amejiacha. Akamuuliza ana nini. Mama yule akajibu kwa adabu na kwa uchungu kwamba nduguyo Abu Dardai hana haja na dunia. Maneno hayo machache yana nyumba nzima ndani yake. Mume mchana amefunga, usiku amesimama kusali, na mke ameona hapana wa kumtazama, basi ajipambie nani? Salman hakumlaumu mwanamke. Alibaki pale mpaka mwenyeji akafungua saumu yake na kula naye, na usiku akamzuia asiamke kusali mpaka sehemu yake ya mwisho. Kisha akamwambia kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki juu yake, na watu wa nyumba yake wana haki juu yake, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.), alisema Salman amesema kweli.

Twaona hapa kwamba nguo chakavu ya mwanamke mmoja ndiyo iliyokuwa dalili ya kwanza ya nyumba iliyopungukiwa na jambo. Salman alikuwa na jicho. Wangapi wetu hupita mbele ya nguo kama hiyo kila siku ndani ya nyumba zetu na hatuulizi?

Wako wanaoishika aya ya 60 ya Sura ya An-Nur, inayowataja wanawake wazee walioketi, wasiotaraji tena kuolewa, na kudai kwamba mwanamke akifika umri huo basi amekwisha toka katika habari ya mavazi. Wameisoma kinyume. Aya ile inamwondolea mwanamke mzee uzito: hapana lawama akipunguza nguo zake za nje, madhali haonyeshi mapambo, na akijihifadhi ni bora zaidi kwake. Ni ruhusa ya kumpa wepesi, na haikumwamrisha kujiviringisha makoti matatu asijulikane mbele wala nyuma. Isitoshe, mwanamke wa miaka arobaini na saba mwenye mume hayumo kabisa katika aya hiyo.

Na wajane je? Hapa tutasimama kidogo. Eda ya aliyefiwa na mume ni miezi minne na siku kumi, isipokuwa mwenye mimba, ambaye eda yake huisha kwa kujifungua. Katika muda huo huacha pambo na manukato, na hiyo ni sheria ambayo hatuipunguzi. Bali aya ya 234 ya Sura ya Al-Baqara imesema muda ukitimia hapana lawama kwa wanayoyafanya nafsini mwao kwa wema. Tazameni alivyofanya Mama wa Waumini Ummu Habiba (R.A.) alipofiwa na babake, Abu Sufyan. Siku ya tatu aliagiza manukato akajipaka, akasema hana haja nayo, ila alimsikia Mtume (S.A.W.) akikataza kukaa matanga zaidi ya siku tatu kwa maiti yeyote isipokuwa mume. Alijipaka ili watu waone kwamba msiba una mwisho. Kwetu mjane humaliza miezi yake, akatoka, na jamii ikamtazama kwa jicho la kumrudisha ndani. Akivaa leso mpya huambiwa anatafuta mume. Na kama anatafuta, ni haramu ipi hiyo? Tumewaona wajane waliofunga eda ya miaka ishirini isiyokuwamo katika kitabu chochote cha fiqhi. Na sasa twaanza kuwaona wenye waume zao nao wakiingizwa katika eda hiyo hiyo kwa sababu tu wamepata mjukuu.

Turudi kwenye nguo zenyewe. Watu hudhani kwamba vazi la mwanamke wa Kiswahili limekuwa moja tangu enzi na enzi. Sivyo. Buibui lilienea Pwani katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Kabla yake Lamu waliijua shiraa, mfano wa hema lililobebwa juu ya mabibi wa kiungwana walipotoka nje. Buibui la kamba na ukaya tuliloliona kwa mama zetu nalo limeipisha abaya ya Ghuba. Kaniki, kisutu, leso, dera, kila kimoja kimekuwa na zama zake. Sitara ilibaki, mikato ikabadilika. Katika Bukhari imo habari ya Ummu Khalid, alipokuwa mtoto, kuvishwa na Mtume (S.A.W.) mwenyewe vazi jeusi lenye alama za kijani au manjano, naye akalisifia uzuri wake kwa neno la Kihabeshi, kwa kuwa mtoto yule alizaliwa Uhabeshi. Rangi, basi, si mgeni katika nyumba ya dini.

Na bibi zetu walikuwa na haiba bila ya kufundishwa na mtu. Kulikuwa na mabibi ukiwaona kwa mbali, mgongo tu, wawajua kwa leso: huyu ni wa kisutu chekundu na cheusi, yule hagusi ila rangi ya samawati, na yule mwingine hufunga ushungi wake kwa namna isiyoigika. Waliichagua kanga kwa pindo lake, kwa mji wake na kwa jina lake, wakaipinda kwa sindano kabla ya kuivaa, wakaifukiza udi, wakaikunja sandukuni. Kutoka na leso isiyopindwa ilikuwa aibu. Hawakuwa matajiri. Nguo nzima ya mtoko huenda ilikuwa doti mbili. Bali kila mmoja alijua kipi chake na kipi si chake, na umri ulipozidi ndivyo ujuzi huo ulivyozidi. Huo ndio mtindo wa mtu, nao hauuzwi dukani.

Nini basi kilichomsibu dada yetu wa Yamumbi? Baridi, kwa kiasi kikubwa. Nguo aliyokwenda nayo ilikatwa kwa ajili ya joto la Pwani, na bara hakupata wa kumwonyesha namna ya kuibadili, akawa anaongeza vazi juu ya vazi mpaka umbo na haiba vikapotea. Sisi ni watu wa kitabu, hatuijui sindano, kwa hiyo tuliomba msaada wa fundi mmoja wa cherehani mjini Eldoret, mama wa Kiislamu aliyewashonea wanawake wa huko kwa miaka mingi. Eldoret, kwa faida ya wasioijua, ni mji wa nguo: hapo ndipo palipo kiwanda cha Rivatex, kilichonunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, na masweta ya wanafunzi husukwa papo hapo. Mtu hapaswi kukosa vazi katika mji kama huo.

Fundi alituambia kwamba kosa la kwanza aonalo kwa wateja wa umri wa makamo ni vipimo. Mwili baada ya miaka arobaini hubadilika mabegani, kifuani na kiunoni, na wao huleta vipimo vya mwaka waliojifungua mtoto wa mwisho. Wengine huchukia kupimwa, wakanunua saizi kubwa kuliko zote ili wajifiche. Sheria inataka nguo iwe pana, isibane wala isionyeshe kilicho ndani. Haikutaka mshono wa bega ushuke hadi kwenye kiwiko. Abaya pana ambayo bega lake limekaa begani na mkono wake umeishia kwenye kifundo cha mkono husitiri sawasawa na ile ya saizi ya mwisho, na mvaaji haonekani furushi.

La pili, joto livaliwe ndani. Fulana ya mikono mirefu, sweta jembamba la sufi, suruali ya ndani na soksi nene vikitangulia, abaya ya kitambaa kizito ikaja juu, masweta ya nje hayahitajiki. Koti likihitajika, liwe moja, la kike, refu kupita magoti. Makoti kama hayo hupatikana katika mitumba kwa kuwa yametoka nchi za baridi, na mabega yake fundi huyapunguza kwa gharama ndogo. Koti la mume arudishiwe mume.

La tatu lilitugusa sisi kwa upande wa fiqhi. Wanawake wengi wa Pwani huacha pindo liburure, na kwenye sakafu za Mombasa hapana neno. Kwenye matope ya Yamumbi pindo hurudi nyumbani na ratili nzima ya udongo. Wakaogopa kulipandisha miguu isionekane. Tuliwajibu kwamba makusudio ni kusitirika mguu, na soksi nzito ndani ya buti hutimiza hilo bila shaka yoyote. Pindo lipandishwe mpaka juu kidogo ya kisigino, na buti lisafishwe mlangoni.

Kuhusu rangi, fundi alisema ngozi ya uso nayo hubadilika, na wako ambao weusi ukikaribia uso huwaongezea uchovu usiokuwepo. Huwashauri wauache weusi wa abaya, kisha wajaribu mitandio mbele ya kioo kwa mwanga wa mchana: kahawia, kijani kilichopoa, rangi ya maziwa, damu ya mzee. (Tulitabasamu aliposema damu ya mzee ndiyo inayowakubali wengi.) Manukato tumekwisha yaeleza katika safu zilizopita: udi ni wa nyumbani na wa mkusanyiko wa wanawake, si wa barabarani.

Sasa tuseme na upande wa pili, tusije tukafahamika vibaya. Fedha za chama cha dada yetu zilitosha kushona abaya moja nzuri na kununua koti na buti, na tulimwambia atumie bila ya kujilaumu, maadamu hana deni wala ada ya mtoto inayongoja. Lakini Pwani tuna maradhi yaliyo kinyume na ya Yamumbi, nayo ni sare za harusi. Harusi moja, sare tatu: ya kupamba, ya mkesha, ya karamu. Mama wa makamo anakopa dukani avae nguo asiyoichagua, rangi isiyomkubali, ataivaa usiku mmoja. Mtume (S.A.W.) ameonya juu ya vazi la kutafutia umaarufu, na ametuhimiza kula, kunywa, kuvaa na kutoa sadaka pasipo israfu wala majivuno. Yule anayejificha katika koti la mume na huyu anayekopa sare wamefungwa na kamba moja, wote wawili wanavaa kwa kuwaogopa watu.

Na nyinyi akina baba msifikiri mmesahauliwa. Ibn Abbas (R.A.) amepokewa akisema kwamba yeye hupenda kujipamba kwa ajili ya mkewe kama apendavyo mkewe ajipambe kwa ajili yake, akaegemeza hilo kwenye aya isemayo kwamba wake wana haki mfano wa zilizo juu yao. Tunawajua wanaume wenye kanzu yenye ukosi wa manjano na makubazi yaliyokatika kamba, ambao hulalamika barazani kwamba wake zao wamejiacha. Mume wa dada yetu wa Yamumbi, kwa kumfanyia insafu, alipoulizwa alisema hakujua. Alidhani mkewe analipenda koti lile. Miaka yote hiyo, naye hakuwahi kuuliza!

Binti naye tulimwita. Alisema la kweli kwa sauti nzuri, ila tulimwelekeza kwamba mzazi haambiwi asichovaa mpaka kwanza ametafutiwa cha kuvaa. Aliinama, na kesho yake ndiye aliyemfuatana mamake kwa fundi.

Limebaki swali la yule mwenziwe, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza alipokuwa ameshavaa viatu: mvi zipakwe rangi? Jibu lina upana. Siku ya kufunguliwa Makka aliletwa Abu Quhafa, babake Abubakar Siddiq, kichwa na ndevu zake zimekuwa nyeupe pe, na Mtume (S.A.W.) akaamuru mvi zile zibadilishwe na iepukwe rangi nyeusi. Imepokewa pia kwamba bora ya kubadilishia mvi ni hina na katam. Kwa rangi nyeusi, Imamu Nawawi ameeleza kwamba katika madhehebu yetu ya Shafii katazo ni sawa kwa mwanamume na mwanamke, na amenukuu kutoka kwa Is-haq bin Rahwayh kwamba amemruhusu mwanamke ajipambie mumewe. Anayetaka kutoka katika khilafu na ashike hina. Na anayependa kuziacha mvi zake zilivyo, azioshe, azitie mafuta na kuzisuka vizuri, hana lawama. Mama yule alisema hina anaipenda, tatizo ni kwamba ile ifikayo Eldoret huwa imekwisha kukaa sana na haishiki. Basi msomaji yeyote wa Mombasa mwenye safari ya huko na atie pakiti mbili tatu za hina mpya mkobani. Yamumbi watampokea vizuri. Wallahu aalam.